Shahidi wa Kunyonyesha

Mwanangu aligoma kula siku niliyorudi kazini. Alikuwa wa miezi mitatu, hana hata jino, lakini msimamo alikuwa nao kuliko baba yake. Chupa aliitema. Kijiko alikipiga teke. Kikombe alikitazama kama mgeni aliyekaribishwa kiporo, kisha akafumba mdomo na kugeuza uso ukutani. Alitaka ziwa la mama yake, na ziwa hilo lilikuwa ofisini pamoja na mwenyewe.

Jioni ile mama mkwe, ambaye ndiye anayeshinda naye, alinipokea mlangoni. "Mume wangu hajatia kitu tumboni tangu ulipotoka," akasema. Mume wake ni huyo mwanangu. Ndivyo alivyoamua kumwita tangu siku ya kwanza, na alimpenda kuliko mume wa kweli, marehemu, ambaye nasikia hakuwahi kukataa chakula. "Nisikilize, mwanangu. Kazi yako naiheshimu. Lakini huyu akiendelea hivi, ama wewe urudi nyumbani ama mimi nianze kutoa maziwa, na duka hilo nilifunga zamani."

Kurudi nyumbani sikutaka. Naipenda kazi yangu, na sioni aibu kulisema hilo. Lakini mtoto asiyekula siwezi kumwacha nikakaa kutafuta maana ya maneno.

Maana ya maneno ndiyo kazi yenyewe. Tunatengeneza kamusi, watu wanne katika chumba kimoja kirefu kilicho juu ya duka la magodoro, makabati ya kadi ukutani na meza moja kubwa katikati. Mkubwa wetu ni Mhariri Mkuu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Nukta, kwa sababu akishasema hakuna kinachofuata. Wa pili ni Mama Wembe, naibu wake, mwanamke wa makamo anayekata sentensi za watu bila ganzi. Wa tatu ni msahihishaji, tunayemwita Miwani, na ukimwona utajua kwa nini. Wa nne ni mimi.

Wiki ile ya kwanza nilifanya kila hila. Mchana nilikimbia nyumbani, mitaa miwili tu, nikanyonyesha nikiwa nimesimama, nikarudi nikihema na blauzi imefungwa vifungo vya kupishana. Nukta akatazama saa. Siku nyingine nikamwambia mama mkwe amlete mtoto nyuma ya ngazi, tukajibanza pale kati ya magodoro mabovu. Yote yangeenda sawa kama mwanangu asingecheua kwa sauti ya mzee aliyeshiba. Nukta akachungulia kutoka juu.

"Hapa ni mahali pa maneno," akasema, "si pa watoto. Kitabu kimechelewa, wote tunakula mezani, hakuna anayetoka wala mgeni anayeingia. Nikikuona tena na hadithi hizi, meza yako nitampa mwenye nafasi."

"Bosi, mtoto hashiki chupa."

"Atashika akiona njaa."

 Mtu anayesema hivyo hajawahi kukesha na mwenye njaa asiyejua kutembea. Lakini alikuwa bosi, nami nilikuwa nimebakiza onyo moja.

Sasa nieleze Kanuni ya Meza, maana bila hiyo hakuna kisa. Toleo la zamani la kamusi yetu lilieleza neno *pepeta* kwa namna ambayo kila aliyewahi kushika ungo alicheka. Nukta aliona aibu mpaka akaugua. Alipopona akaandika kanuni kwa mkono wake na kuitundika ukutani: neno lolote la kitendo cha mwili litatendwa mezani, kweli kweli bila kuigiza, na mashahidi wawili walioona kwa macho yao watasaini nyuma ya kadi. Bila saini mbili neno haliendi kiwandani kuchapwa.

Tumeona mengi mezani pale. Kwa ajili ya *koroma*, Miwani alilala hadi tukamwonea wivu. *Chutama* alilichukua Nukta mwenyewe, akachutama vizuri sana, ila kuinuka kukamshinda. Tulimvuta kila mmoja kwa upande wake. Kwa *busu* alilibusu toleo la zamani, kwa huzuni, tukasaini haraka. Na *tapika*, lililoitwa kabla ya zamu yake ili kueleza *cheua*, liliangukia kwa Miwani. Aliomba msamaha, akasema neno hilo kila mtu analijua. Nukta akamwonyesha ukuta. "Kanuni ni kanuni," akasema, na Miwani akatapika.

Kumbuka hilo la kutapika, kwa sababu Miwani hakulisahau.

Basi tulikuwa herufi N. Mama Wembe alikuwa kiwandani, mji wa mbali, akisimamia uchapaji wa herufi za nyuma. Tukavuka *nyonga*, ambalo kwa kauli moja tulikubaliana lipite bila mashahidi. *Nyong'onyea* nilikuwa nalitenda tangu alfajiri, wakasaini bila kuuliza. Kwa *nyonya* Miwani alinyonya soda kwa mrija hadi chini. Halafu Nukta akachukua kadi iliyofuata, akasoma, na masikio yake yakabadilika rangi. Alikuwa ameamua mwenyewe kwamba neno *nyonyesha* lisijifiche chini ya *nyonya*, lipewe nafasi yake, maana ni kazi ya mtu mwingine.

"Hili," akasema, "hili nadhani linaeleweka."

 Niliinamisha kichwa, nikatafuta ile sauti niliyokuwa nikiitumia shuleni nikitaka kitu. "Hata mimi naona hivyo, bosi. Sijui tu kanuni inasemaje."

"Kanuni inasema litendwe," akasema Miwani. Alikuwa bado ameshika mrija. "Mimi nilitapika, mzee."

Nukta akamtazama Miwani, akatazama ukuta, akatazama mwandiko wake mwenyewe uliomtazama kutoka ukutani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na siku ile ilikuwa zamu ya nyuma.

"Atafutwe mnyonyeshaji," akasema kwa sauti ya chini.

"Labda mimi ninaweza kujitolea," nikasema.

Kesho yake adhuhuri mama mkwe alipanda ngazi kwa mlango wa mbele, amejifunga vizuri, mtoto begani, kama mtu aliyealikwa na serikali. Nukta akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba. Haya, mume wangu anakula wapi?" Nukta akatafuta kwa macho mzee wa kumkaribisha. Nilipokea mtoto, nikaketi mwisho wa meza, nikajitanda shuka jepesi begani. Mwanangu hakungoja hotuba. Alishika kama aliyetoka safari ya jangwani, na sauti ya kumeza ikajaa chumba kizima.

Mashahidi je? Nukta aligundua ufa kwenye dari, akaanza kuufuata kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta. Miwani alivua miwani, na bila miwani Miwani haoni hata mlango. Hivyo ndivyo walivyoshuhudia, mwanzo hadi mwisho.

Mtoto aliposhiba nikampa bibi yake, nikajifunga, nikasogeza kadi kwa heshima zote. "Saini, bosi."

Nukta akashika kalamu. Akasoma maandishi ya nyuma ya kadi: *Nimeona kwa macho yangu.* Ni mtu wa haki, huyu, tumpe sifa yake. Kalamu ikabaki hewani.

"Umeona?" akamwuliza Miwani.

"Nimesikia, mzee. Sana."

"Kadi haisemi kusikia."

"Basi turudie kesho," nikasema, na ilinibidi nijifanye ninakohoa, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni.

Tukarudia kesho. Tukarudia keshokutwa. Kila adhuhuri mama mkwe alipanda ngazi, kila adhuhuri wanaume wawili wenye heshima zao waliapa kwamba leo wataangalia, na kila adhuhuri dari ilizidi kuwa na mambo. Haya yao ilikuwa ndiyo ulinzi wangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikaacha kuficha wafiche wao.

Ili muda usipotee, waligeukia dirishani wakajadili maana. Miwani alipendekeza: kumpa mtoto maziwa.

"Basi hata muuza maziwa ananyonyesha," akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake.

Nukta akajaribu: kutia ziwa kinywani mwa mtoto mchanga.

"Na akilitema?" akauliza mama mkwe. "Baba wa mume wangu huyu alikuwa akilitema kutwa nzima. Nikawa sinyonyeshi?"

"Na anayempa chupa?" akauliza Miwani.

"Anasema ananyonyesha kwa chupa, nimewasikia wengi," akasema Nukta, akiandika. "Paka pia. Paka ananyonyesha."

"Paka hana bosi," akasema mama mkwe.

Nukta akatia nukta mahali pasipoihitaji. Siku nyingine alileta wazo jipya: tutumie mwanasesere. Miwani akamkumbusha neno *kuigiza*, na habari za kutapika zikarudi tena, tukarudi kwa mtoto.

Mwanangu akanenepa. Mapaja yakatoa mikunjo, akaanza kucheka peke yake, na mama mkwe akaacha kunitazama kama mwizi wa mume wake. Jambo moja tu lilinikera. Nukta alisema kikao kinakula saa za kazi, kwa hiyo nikinyonyesha niendelee kusahihisha kwa mkono wa pili. Nikaona si neno. Nilimlaza mtoto mkono wa kushoto, kalamu nyekundu mkono wa kulia, kurasa juu ya goti, jicho moja kwenye saa ili nisiipite subira ya bosi. Nilijiona mjanja wa wajanja wote. Mtoto anakula, kazi inakwenda, na hakuna aliyeshikwa.

Halafu Mama Wembe akarudi.

Aliingia asubuhi na begi lake, akaweka rundo la kurasa, akasema kiwanda kinangoja N na mitambo imesimama. Nukta akamweleza, akitazama viatu vyake, kwamba neno moja limekwama. Mama Wembe akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Sijawahi kumwona akicheka.

"Wanaume wazima," akasema.

"Ndiyo maana namshukuru Mungu umerudi," akasema Nukta, na uso wake ukang'aa. "Mwanamke kwa mwanamke, hakuna haya. Wewe utaangalia, utasaini, mimi nitasaini kwa kukuamini, kanuni inisamehe, kwisha. Na baada ya hapo," akanigeukia, "mtoto hapandi tena ngazi hizi."

 Ungemjua Mama Wembe ungenihurumia. Mwanamke huyu hasemi uongo hata wa adabu. Binti wa Nukta alipoolewa, Mama Wembe alirudisha kadi ya mwaliko ikiwa imesahihishwa. Ukimwuliza kama nguo imekupendeza, kaa chini kwanza. Nilijua ataangalia, ataona, atasaini, na jioni ile nitachagua kati ya meza yangu na tumbo la mwanangu. Hilo si la kuchagua. Kichwani nilianza kumuaga kila mtu, hata lile kabati la kadi lisilofunga.

Nilishuka hadi mlangoni kumpokea mama mkwe nikamnong'oneza. Akamweka mtoto vizuri begani. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Leo ale kwanza, mengine tutalia nyumbani."

Nikaketi mahali pangu. Nukta na Miwani wakageukia dirisha kwa furaha ya watu waliopata likizo. Mama Wembe akavuta kiti, akakiweka mbele yangu, karibu magoti yagusane. Akaweka kadi mapajani, akaangalia.

Aliangalia kama anavyosoma, neno kwa neno. Nilifanya kama kila siku: mtoto kushoto, kalamu kulia, nikasahihisha mstari, nikatazama saa, nikasahihisha mstari mwingine. Mtoto aliachia, akalia kidogo, nikamrudisha bila kumtazama, kama mtu anayerudisha droo iliyotoka. Nikageuza ukurasa. Nikatazama saa. Alipomaliza nilimwinua, nikafunga vifungo, nikamwangalia Mama Wembe nikingoja wembe.

"Umeona?" akauliza Nukta, akiwa bado na mgongo kwetu.

"Nimeona," akasema Mama Wembe.

"Alhamdulillahi. Saini."

"Sisaini."

Nukta akageuka. Miwani akavaa miwani.

"Mtoto nimemwona akinyonya," akasema Mama Wembe. "Hilo mlishalipitisha, naambiwa, kwa soda. Nimeitwa kumwona anayenyonyesha, na huyo sijamwona. Nimemwona mtu amekaa ncha ya kiti, mkono mmoja una kalamu, jicho liko kwenye saa, anaiba. Kuiba tulikwisha saini, liko chini ya I. Nikisaini hii, nitakuwa nimewaambia wasomaji kwamba ndivyo kunyonyesha kulivyo."

Nilikasirika. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakalia. Nani kamwomba? Mimi niliyepanga yote haya, mimi niliyekimbia mitaa, mimi niliyemshibisha mtoto chini ya pua ya bosi, leo naambiwa sijui kumnyonyesha mwanangu? Nikafungua mdomo nimjibu jibu la kumtosha mwaka mzima.

Mama Wembe aliinama, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafuta kitu sikioni mwa mtoto. Ilikuwa wino. Wino mwekundu, alama ya mkato niliyomwekea mwanangu nikidhani naweka kwenye ukurasa. Na kulikuwa na nyingine, iliyofifia, ya jana au ya juzi, nyuma ya sikio, mahali ambapo mama yeyote anayemtazama mtoto wake angeiona.

Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia mbele ya bosi kwa kamasi na kwikwi, kwa sababu ilikuwa kweli: siku zote zile nilikuwa nimemshibisha na sikumbuki hata siku moja aliyonitazama nikamtazama.

"Lia tu, mwanangu," akasema mama mkwe. "Mzazi halii bure."

Nukta alisimama hajui mikono aiweke wapi. Alitazama wino kwenye kidole gumba cha naibu wake, akatazama kurasa zilizokuwa kwenye goti langu, ambazo ni yeye aliyeniwekea.

"Sasa unataka nini?" akamwuliza Mama Wembe, safari hii bila nukta.

"Kiti chako kile chenye mikono. Kalamu iondoke. Saa ile ishushwe ukutani. Na ninyi wawili tokeni."

"Na kazi?"

"Si ndiyo hii tunaifanya?"

Nukta akakisukuma kiti chake mwenyewe hadi dirishani. Akapanda kwenye ukingo wa kabati, akashusha saa, akatoka nayo kifuani, na Miwani akatoka nyuma yake akiwa amebeba kurasa zangu zote. Mlango ukafungwa.

Mtoto alikuwa ameshashiba, lakini alipoona kiti kipya akakumbuka kwamba bado. Nikaegemea. Sikujua mgongo wangu unauma hivyo mpaka ulipopata pa kulala. Mkono wa kulia haukuwa na kazi, ukaenda wenyewe kwenye mguu wake, ukashika kisigino. Akanyonya polepole, si kwa njaa tena. Alifumbua macho akanitazama, macho meusi, ya kuuliza, yenye kope ndefu za baba yake ambazo nilikuwa sijaziona zilivyokua. Akaachia ziwa ili apate kucheka, maziwa yakamtiririka shavuni, akashika tena. Nilimsemesha upuuzi. Mama mkwe alianza kusinzia. Mama Wembe alikaa palepale na kadi mapajani, na kama macho yake yalikuwa na kitu mimi sikuuliza, kwa sababu alikuwa kazini.

Mwisho mtoto alilala, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka. Maziwa yalikuwa yameisha, chakula kimekwisha, kila kitu kimetendwa mwanzo hadi mwisho, na shahidi ameona kila hatua.

Mlango ukagongwa. "Tayari?" akauliza Nukta kutoka ngazini. "Kiwanda wamepiga simu tena."

Nikakaa sawa. Nilikuwa nimechoka na hila. Mwanamke huyu amenitendea haki, nami nitamtendea haki, na yatakayokuja yaje. Nikafungua mdomo kusema ndiyo, tayari.

Mama Wembe akanyoosha mkono, akavuta shuka kumfunika mtoto aliyekuwa usingizini, akaiweka kadi mfukoni mwake.

"Bado!" akajibu. "Rudini kesho."